Beberu aangalie wapi?

SWALI: Beberu wangu amekufa kwa uzee, fundi wa kukausha wanyama ananijazia kichwa cha huyo mbuzi mpaka mabegani nimtundike sebuleni. Anauliza nataka pozi gani na mimi sina jibu. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana. Amua mapema bana, fundi ananyoosha ngozi juu ya fomu ya povu, yaani umbo la mnyama la povu gumu, ambayo shingo yake tayari imegeuzwa, ikishakauka ndo basi. Simama mbele ya huo ukuta uone wageni wanaingilia wapi, kama mlango uko kushoto kwako mwambie fundi beberu ageukie kulia, yaani kulia kwa mbuzi mwenyewe, hapa ndo watu huchanganyikiwa halafu mnyama anaishia kuangalia kona ya kabati.

Shingo juu sana mimi siipendi kwa beberu, pembe zake zinalala nyuma zitagonga ukuta. Ishushe kidogo, sikio moja mbele lingine nyuma kama amesikia debe la maji. Mpe fundi picha zake akiwa hai.

Na jirani akiona akatamani kichwa cha swara, mkumbushe uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977.