Kaka Mkubwa na Macho ya Mtaa

Niliandika hapa juzi kuhusu riwaya za distopia, zile za dunia ambamo dola imemmeza mtu mzimamzima, jina na akili. Sikutarajia barua nyingi hivi. Nimechagua tano.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa Langoni, nina miaka 17. Nimemaliza *1984* ya George Orwell. Wenzangu wanashangaa Kaka Mkubwa, mtawala wa humo, anavyochungulia kila nyumba; mimi wala sikushangaa. Hapa Lamu nikisimama na mtu njiani, habari inafika nyumbani kabla yangu. Tofauti iko wapi?

Marahaba, mwanangu. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Wiki iliyopita nilinunua dawa ya kikohozi karibu na Mkunguni. Kufika Mkomani, mzee mmoja barazani akanambia niache madawa, nichemshe tangawizi. Hakuna kamera yenye kasi hiyo.

Ila yule mzee mimi namwona. Namjua mwanawe, najua na deni lake dukani, na siku akivuka mpaka nitamjibu. Kile kioo cha ukutani katika riwaya kinakuona wewe, nawe huoni aliye nyuma yake. Tena Kaka Mkubwa kazi yake ni kufuta. Winston Smith, mhusika mkuu, ameajiriwa kuandika upya magazeti ya zamani, na mtu akiondolewa humo ni kama hakuzaliwa. Mtaa wetu haufuti kitu, na nadhani hilo ndilo linalokukera.

Sitakudanganya lakini. Jicho la mtaa ni zito zaidi kwa msichana kuliko kwa kaka yake, na mtu akiangaliwa sana hujifunza kujificha hata akiwa peke yake chumbani. Hapo baraza na Orwell wanakaribiana kuliko tunavyopenda kukiri. Uasi wa Winston ulianza kwa kununua daftari kuukuu lenye karatasi nzuri, akaliandikia kwenye kona ambayo kioo hakikuifikia. Nawe tafuta kona yako. Mama akiuliza, mwambie mwalimu ameruhusu.

Kwa nini watu wa vitabu hivi huitwa kwa nambari? Baba wa watoto wawili, Shela.

Aliyefungua njia ni Mrusi Yevgeny Zamyatin. Riwaya yake, ambayo jina lake ni *Sisi*, aliiandika mwaka 1920 na 1921. Msimulizi ni D-503, na watu wanaishi katika nyumba za kuta za vioo. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, 1924. Kwao Urusi ilisubiri hadi 1988.

Linalonisumbua zaidi ni jina la mwanamke wa Margaret Atwood katika riwaya yake ya 1985. Anaitwa Offred, yaani "wa Fred", Fred akiwa bwana anayemmiliki. Sasa sikiliza: Lamu mgeni akitokea, swali la kwanza ni "u mwana wa nani?" Kile kile kijineno "wa". Kwetu kinakupa babu na bibi, na mlango wa kugonga usiku ukiwa na shida. Kwa Offred kinampa mwenye mali. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilifunga kitabu nikaenda kutembea pwani.

Wala tusijifanye hayo ni ya mbali. Wakati wa ukoloni wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole ndani ya kijisanduku cha bati, wengi wakikining'iniza shingoni. Hadi leo wako wanaokiita kitambulisho "kipande".

Kiswahili hatuna riwaya za aina hii?

Tunazo. Anza na *Walenisi* ya Katama Mkangi, 1995. Dzombo anahukumiwa kifo katika nchi ya dhuluma, akajikuta katika nchi nyingine watu wanakoishi sawa kwa sawa. Lisome jina polepole: wale-ni-sisi. Mkangi hakuwa anabuni tu dhuluma; mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1986. Kama unataka kitu chepesi zaidi, *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu kingine cha Orwell, ipo tangu 1967.

Mbona mwasi hushindwa mwishoni? Inakatisha tamaa.

Winston anaishia kumpenda Kaka Mkubwa, kweli. (Aliyelalamika kwamba namwaga siri: kitabu kilitoka 1949, ulikuwa na muda.) Lakini wengi hufunga kitabu mapema. Nyuma kuna nyongeza inayoeleza lugha ya dola ile, na imeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, kwa wakati uliopita. Kuna mtu anaielezea kama kitu kilichokwisha. Wako wasomaji wanaosema basi dola ile ilianguka, nami ni mmoja wao. Ngome yetu hapa ilikuwa jela tangu 1910. Wafungwa waliondoka mwaka gani? 1984. Leo ni makumbusho, watoto wanakimbizana kwenye ngazi zake.

Naandika hadithi ya Lamu ya mwaka 2090. Shujaa analipua mnara wa serikali. Nipe ushauri.

Mnara uache kwanza. Nionyeshe serikali iliyobadilisha majina ya mitaa, Mkomani ikawa Kanda ya Nne, na bibi kizee anayekataa kulitamka jina hilo. Karani anakuja na fomu, anamsahihisha. Bibi anamtazama toka kichwani hadi viatuni, anamuuliza, "Na wewe, u mwana wa nani?" Karani anapekua fomu yake, mahali pa kuandika jibu hilo hapamo. Kaa hapo kurasa kumi. Baruti ikibaki, haya, lipua.