Kabla hujanunua jenereta, soma kwanza vibandiko vya vyombo vyako

Mtu akiniuliza anunue jenereta ya ukubwa gani, nami humwuliza: umeme ukikatika, ni kitu gani ambacho huwezi kukaa bila nacho? Wengi hujumlisha kila kilichomo ndani, kisha wananunua mtambo mkubwa unaokunywa mafuta usiku kucha kwa ajili ya taa na televisheni.

Kwangu orodha ilikuwa fupi: friji, pampu ya maji, taa, televisheni na chaji za simu. Nilizunguka na karatasi nikisoma kibandiko cha kila chombo, nyuma au chini. Kama hakitaji wati, zidisha volti kwa ampea: 230 mara 1.5 ni wati 345. Taa za LED hazina uzito, wati 9 au 10 kila moja.

Kazi ipo kwenye mota. Friji yangu ikishatulia hutumia wati 150 hivi, ila kompresa, yaani mota yake, inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi sana. Pampu ndiyo zaidi. Yangu hula wati 1,000 ikiwa kazini, na kuiwasha tu inaweza kutaka 3,000. Simama karibu na jenereta mtu anapowasha pampu: taa zinafifia, mngurumo wa injini unazama, kisha unapanda tena. Jenereta ndogo haipandi tena, inazimika.

Kwa hiyo jumlisha wati za kawaida za vyote, halafu ongeza ziada ya kuwashia ya mota moja tu, ile kubwa kuliko zote. Mimi nilipata 1,350 za kawaida, na ziada ya pampu 2,000, jumla 3,350. Sharti lake ni kwamba mota mbili zisianze pamoja. Friji hujiwasha yenyewe bila kukuuliza, ndiyo maana naichomoa ninapopandisha maji. Pasi ya nguo na birika la umeme nimeviacha nje ya hesabu kabisa. Birika peke yake laweza kula wati 2,000.

Dukani, usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Mara nyingi hiyo ni ya kilele, ya muda mfupi. Uliza ya kudumu. Ikiandikwa kVA, kipimo kingine cha ukubwa wa jenereta, zidisha kwa 0.8 ili uwe salama: kVA 5 ni kilowati 4, yaani wati 4,000, na ndiyo niliyochagua, kwa sababu sipendi injini ifanye kazi ikiwa imebanwa hadi mwisho. Na kama unaishi mahali pa juu sana kutoka usawa wa bahari, ongeza kidogo, maana hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha na milango. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Wala usiingize umeme wake nyumbani kupitia soketi ya ukutani. Umeme huo unaweza kurudi kwenye nyaya za mtaani na kumpiga fundi aliye juu ya nguzo. Mwite fundi umeme akufungie swichi ya kubadilishia umeme, kati ya ule wa mtaani na wa jenereta.