Seva ya nyumbani isiyomaliza tokeni za stima: maswali yenu

Wengi mmeuliza juu ya kuweka seva nyumbani, ile kompyuta ndogo inayokesha ikitunza picha, faili na filamu za familia bila kuzipeleka kwa kampuni za ng'ambo. Nimechagua maswali machache.

Msomaji wa Kondele, Kisumu: Nina laptopu kuukuu, kioo kimepasuka lakini inawaka. Niifanye seva au ninunue Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani?

Ifanye hiyo hiyo, ndugu yangu. Watu huidharau laptopu ya zamani, nami naiona ndiyo seva bora ya kuanzia katika miji yetu kwa sababu ina betri ndani. Stima ikipotea dakika kumi, yenyewe inaendelea na kazi. Kioo kikiwa kimezimwa, laptopu nyingi hula wati 10 hadi 15 tu. Weka Debian (mfumo endeshi wa bure) tupu isiyo na madirisha, iunganishe na ruta kwa waya, kisha katika faili ya /etc/systemd/logind.conf uandike HandleLidSwitch=ignore. Usipofanya hivyo, ukiifunga tu inalala. Samba, programu ya kugawana faili kwenye mtandao, itatosha kwa faili za nyumba nzima.

Betri ndiyo ya kuchunga. Ikikaa imejaa mwaka mzima katika joto la Kisumu, huweza kufura. Laptopu nyingi hukubali uwekewe kikomo cha chaji, na asilimia 80 inafaa. Siku ukiona kibodi imeinuka au kifuniko hakikai sawa, zima mashine na uitoe betri bila kuitoboa.

Msomaji wa Section 58, Nakuru: Mume wangu anasema kitu kinachowaka usiku kucha kitatumalizia tokeni. Ni kweli?

Inategemea mashine, dada. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Wati 10 kwa saa 24 ni yuniti 0.24, na kwa mwezi ni kama yuniti 7.2. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 60 ni yuniti 43. Kujua bei yako halisi, chukua ujumbe wa tokeni ugawe pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Tukisema ni shilingi 30, mashine ndogo itakugharimu shilingi 216 kwa mwezi, kubwa karibu 1,300.

Tena bei ya stima ya nyumbani huenda kwa madaraja. Wenye matumizi ya chini kabisa, yasiyozidi yuniti 30 kwa mwezi, hulipia kila yuniti bei nafuu. Kompyuta ya mezani peke yake itawavusha mpaka huo, halafu hata taa na pasi mzilipie ghali zaidi. Kwa mashine kubwa, mume wako anasema kweli. Kwa ndogo, mwonyeshe hesabu hii.

Msomaji wa Kakamega: Kadi ya SD ya Pi yangu imekufa tena baada ya stima kupotea. Nifanyeje?

Acha kuitegemea kadi. Mfumo huandika kumbukumbu zake mchana na usiku, na kadi za kawaida hazikutengenezewa kazi hiyo. Stima ikikatika katikati ya kuandika, faili hubaki nusu na mashine inagoma kuwaka. Hamishia kila kitu kwenye SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya kuchomeka USB. Pi 4 na Pi 5 zote huweza kuwaka kutoka hapo. Kagua na chaja pia. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na chaja ya simu huenda ikazidiwa SSD inapoanza kazi. Andika amri vcgencmd get_throttled: ikijibu 0x0, mambo ni shwari.

Halafu ipe betri. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea 7 kwa saa ina wati-saa 84, ila ukitaka idumu tumia nusu tu. Pi na ruta zikila wati 15 kwa pamoja, una kama saa mbili na nusu, na hizo hutosha kuizima seva kwa utaratibu.

Radi ni jambo jingine. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, nanyi wa Kakamega mnazijua. Hakuna UPS (betri ya akiba) ndogo inayozuia radi. Wingu likianza kunguruma, chomoa plagi ya ukutani, na uchomoe pia waya wa mtandao unaotoka nje. Huo wa pili wengi huusahau, na umeme wa radi hupita humo humo.

Na picha za watoto ziwe na nakala katika diski nyingine, nyumba nyingine. Nakuomba sana.

Msomaji wa Bungoma: Nimefungua mlango (port) kwenye ruta lakini nikiwa Eldoret siipati seva.

Angalia anwani ya WAN (namba ya ruta upande wa intaneti) ndani ya ruta. Ikianza na kati ya 100.64 na 100.127, wateja wengi mmewekwa nyuma ya anwani moja, na mlango huo hauelekei popote. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, kwenye seva na kwenye simu, kisha uufunge mlango.

Msomaji wa Maseno: Paneli ya wati 50 itaendesha Pi usiku na mchana?

Siku za jua, kwa shida. Msimu wa masika, hapana. Nunua ya wati 100. Mko kwenye Ikweta, kwa hiyo usihangaike na upande wa kuielekeza. Iinamishe kidogo tu, mvua ioshe vumbi.

Mwalimu wa Busia: Shule yetu haina intaneti ya maana. Seva ndogo itatufaa?

Itawafaa kuliko wote walioandika wiki hii, mwalimu. Weka Kiwix, programu ya kusoma tovuti zilizopakuliwa, kwenye Pi au laptopu, na wanafunzi wataisoma Wikipedia kwa waifai ya darasani bila bando hata kidogo. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100. Ya Kiswahili ni ndogo sana, anza nayo. Pakua faili hizo ukiwa mjini penye intaneti ya kasi, uzibebe kwa diski. Diski isiwe na mpangilio wa FAT32, maana hiyo haipokei faili inayofika GB 4. Ifomati kwa exFAT kabla hujasafiri.