Kitanda cha pili kilitandikwa kila siku

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwenzako wa safari akijitoa na pesa zimeshalipwa, hasara abebe nani? Mimi yalinikuta, tena kwenye meli ya kitalii, ambako hesabu haziendi kama za basi wala ndege.

Mimi na shoga yangu ni watu wa Tanga, tunaishi Houston, wote wauguzi wa zamu za usiku. Tulidunduliza mwaka mzima, tukakata tiketi za safari ya siku tano kutoka bandari ya Galveston kwenda Cozumel na Progreso, huko Mexico. Chumba kimoja, vitanda viwili, nauli dola 600 kila mmoja, mbali na kodi na ada za bandari. Zilipobaki siku 40, simu ikaingia kutoka nyumbani: mama yake kalazwa, figo. Akatafuta tiketi ya ndege usiku uleule. Akaniambia, "Ndugu yangu, nifutie jina, nisikuharibie safari."

Namshukuru Mungu sikulifuta siku ile. Chumba cha meli huuzwa kwa hesabu ya watu wawili. Ile nauli unayoiona kwenye tangazo ni nusu ya chumba, na abiria akibaki peke yake hutozwa nyongeza, mara nyingi inayokaribia nauli nyingine nzima. Vyumba vya mtu mmoja vipo, meli iitwayo Norwegian Epic ilipoanza safari mwaka 2010 ilikuwa navyo 128, lakini meli yetu haikuwa navyo.

Nikampigia wakala. Kabla sijatamka neno kufuta, nikamuuliza: mwenzangu akijitoa leo, yeye anarudishiwa kiasi gani, na mimi naongezewa kiasi gani? Maswali hayo mawili lazima yaulizwe pamoja. Watu wengi huuliza la kwanza tu, kisha wanashtuka wakiletewa bili. Jibu lilikuwa hivi: tarehe ya malipo ya mwisho ilikwishapita, kwa hiyo yeye angekatwa nusu ya nauli na kurudishiwa dola 300, mimi ningeongezewa 600. Yaani tungefuta jina, sisi wawili tungetoa dola 300 zaidi ya zile tulizokwishalipa, chumba kilekile, na mtu mmoja kapungua.

Njia ya pili ilikuwa kubadilisha jina. Mkataba wetu uliruhusu mtu mwingine kuchukua nafasi, mradi mmoja wetu wa mwanzo abaki na ifanyike siku kadhaa kabla ya meli kuondoka. Nilihangaika. Binti wa jirani alikuwa tayari, pasipoti yake ikawa imekwisha muda. Mwenzetu wa kazini hakupata wa kumshikia zamu.

Ikabaki njia ya tatu: jina liachwe, mwenyewe asitokee. Siku ya safari nikamwambia karani wa bandarini ukweli, mwenzangu yuko Tanga anamuuguza mama yake. Akaandika kwenye kompyuta yake, akanipa pole, nikapita bila kuongezewa hata senti. Baada ya wiki chache, kodi, ada za bandari na bakshishi tulizolipa mapema zikarudi kwenye kadi ya shoga yangu. Lakini msilichukue hili kuwa sheria ya meli zote. Someni mkataba wenu, na wakala awape jibu kwa maandishi.

Bima tulikuwa nayo, na hapa ndipo panaponiuma. Zipo bima za safari zinazolipa ile nyongeza mwenzako akijitoa kwa sababu inayokubalika, kama maradhi ya mzazi. Ila mama alikuwa na kisukari miaka mingi, na bima nyingi hazigusi maradhi yaliyokuwepo kabla hujazinunua. Kuna msamaha wa sharti hilo, lakini kwa kawaida huupati mpaka uwe umenunua bima ndani ya siku 14 hadi 21 tangu ulipoweka malipo ya kwanza. Sisi tulinunua miezi minne baadaye, tukijiambia hakuna haraka. Wenye wazazi wazee nyumbani, nawaomba, siku mnayoweka kianzio ndiyo siku ya kununua bima.

Sasa swali lenu, hasara ya nani? Nilipofika mlangoni pa chumba nikakuta bahasha mbili na kadi mbili, ya pili ina jina lake. Mhudumu alitandika vitanda vyote viwili kila siku. Jioni ya pili akakunja taulo, akatengeneza tembo, akamweka kwenye mto wa shoga yangu. Nikakaa nikamtazama yule tembo, na hapo ndipo iliponiingia akilini: mimi nilikuwa nimelala chumba cha watu wawili peke yangu, sikutozwa nyongeza, na kilichonikinga ni zile dola 600 zake. Asingeziacha pale, ningezitoa mimi mfukoni. Sasa ningesemaje kwamba hasara ni yake pekee kwa kuwa yeye ndiye hakuja?

Tulipofunga gati Cozumel nikapata mtandao, nikamtumia picha. Alinijibu kwa sauti, na nyuma yake nikamsikia mama, sauti ndogo, akisema, "Muulize huyo tembo kalala kwa nani."

Niliporudi nikamtumia shoga yangu dola 300. Jamaa zangu hapa waliniambia najipunja, sikudaiwa na mtu. Mwenyewe alizirudisha, nikazituma tena, akazirudisha. Mara ya tatu nikampelekea kaka yake, zikalipia kusafishwa damu kwa mama.