Usinunue sindano mpya kabla hujatoa spika juu ya meza

Watu wananiuliza sana mbona santuri zao zinavuma, besi inakuwa vuuu tu ukiongeza sauti kidogo, na wengine fundi kashawaambia wabadilishe sindano. Ngojeni kwanza ndugu zangu, mara nyingi sindano ni nzima, shida iko kwenye meza.

Sindano inafuata mitetemo midogo sana iliyochongwa kwenye mfereji wa santuri, sasa yenyewe haijui mtetemo huu ni wa gitaa la Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, na huu ni wa lori linalopita au jenereta ya jirani, inabeba vyote. Halafu santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa, amplifaya ndio inairudisha, na kwenye hezi 20 (yaani mitetemo 20 kwa sekunde, besi ya chini kabisa) inaongeza karibu desibeli 20, kwa hiyo mtikisiko wa meza nao unakuzwa hivyohivyo. Spika ikikaa kabati moja na pleya ya santuri ndio balaa lenyewe: sauti inashuka kwenye mbao, inapanda kwenye sindano, inarudi amplifaya, inatoka kubwa zaidi, inazunguka hivyo mpaka inavuma.

Pima hivi. Pleya ikiwa imezimwa lakini amplifaya inawaka, weka sindano juu ya santuri, ongeza sauti polepole, gonga meza kwa kidole. Ukisikia du du kwenye spika, jibu umepata.

Mimi hapa Kampala spika nilizishusha kwenye stendi zake, nikatafuta kipande cha granaiti, yale mabaki ya wanaokata meza za jikoni, nikakilaza juu ya tyubu ya baiskeli, pleya juu yake, nikasawazisha kwa pima maji. Aisee, besi ilitulia na gitaa likasikika peke yake! Upepo wa tyubu uwe kidogo tu, ikiwa ngumu haizuii kitu.

Na tafadhali sana, msiweke sarafu juu ya mkono wa pleya, ule unaobeba sindano, eti sindano isiruke. Mkono na katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) vina mtetemo wao wa asili, unatakiwa uwe kama hezi 8 mpaka 12, chini ya hapo kuna hatua za miguu na santuri zilizopinda, juu ya hapo muziki unaanza. Uzito ukizidi mtetemo unashuka kulekule kwenye hatua za miguu, na santuri inalika bure.

Kifuniko cha plastiki nacho kitoe wakati unapiga, kinadaka sauti ya spika.