Chevelle SS au Hemi ’Cuda?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Dallas, nimejichanga miaka mingi sasa nataka gari moja tu la kizamani la Kimarekani, mwaka 1970. Nimekwama kati ya Chevrolet Chevelle SS (toleo la mbio) yenye injini ya LS6 na Plymouth ’Cuda yenye injini ya Hemi. Ipi ina mbio na ipi itanipandia bei nikiitunza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye mbio usijipe presha, LS6 ya inchi za ujazo 454 iliandikwa nguvu farasi 450 na Hemi ya 426 ikaandikwa 425, ila enzi hizo injini ilipimwa ikiwa peke yake mezani, haina ekzosi ya gari wala altaneta, kwa hiyo hizo 25 za katikati we zisamehe tu. Utakachokisikia ni mvuto. Chevelle inavuta toka chini, Hemi inataka uikamue kwanza ndo ichangamke, halafu ina kabureta mbili za kubembelezana nazo kila mara. Ya kutoka nayo Jumapili mi nachukua Chevelle, na spea zake ni rahisi kupata.

Ya kuweka ipande bei sasa, hapo ’Cuda haina mpinzani. Hemi ’Cuda za 1970 zenye paa la bati zilitoka 652, za kukunja paa 14 basi! Injini za LS6 zilitoka 4,475. Lakini mi kinachonipa wasiwasi sio idadi, ni chesisi namba. Kwenye ’Cuda herufi ya tano ikiwa R ujue ilizaliwa na Hemi. Chevelle SS ya 1970 namba yake inakwambia ni Malibu (Chevelle ya kawaida) ya V8 tu, injini gani haisemi, hata SS haisemi, ndo maana wajanja wanachukua Malibu ya kawaida wanabandika nembo na mistari wanatupia 454 halafu wanakuuzia kama LS6, na ukiangalia kwa nje hujui kitu.

Kwenye Chevelle tafuta herufi zilizopigwa kwenye bloku ya injini: LS6 ya gia ya mkono ni CRV, ya otomatiki CRR. Nayo inachongwa upya, kwa hiyo dai ile karatasi ya kiwandani inayoonyesha gari liliundwa na nini, mara nyingi huwa imebaki juu ya tenki la mafuta. Nenda na tochi, na nguo ya kulalia chini.