Mfugaji Auliza: Kuku wa jirani wanakufa, wangu nawalindaje?

Wataalamu, salaam. Nafuga kuku wa mayai 300 hapa Uyole, Mbeya. Jirani wa mtaa wa pili kafiwa na kuku 60 ndani ya siku tatu. Kuna wanaosema ni mafua ya ndege, wengine kideri (mdondo). Nimeshanunua OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) na vitamini. Nianzie wapi?

Dawa iweke kabatini, dada. Mafua makali ya ndege na kideri yote ni ya virusi, na OTC haiui virusi. Ukiwapa, utapoteza siku mbili ukingoja nafuu isiyokuja, na mayai yatabaki na mabaki ya dawa.

Kwa macho huwezi kuyatenganisha. Kichwa kuvimba, upanga wa kichwani kugeuka zambarau na damu kuvilia kwenye miguu hutia shaka ya mafua makali. Shingo kupinda na kuhara kijani hutia shaka ya kideri. Ila kideri kikali huua kuku kabla shingo haijapinda, na mafua nayo huweza kuipinda. Anayejua ni maabara. Jirani yako amwite afisa mifugo wa kata leo, sampuli zichukuliwe; TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ina kituo Iringa kwa kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Mizoga asiipasue mwenyewe.

Wewe kazi yako iko mlangoni. Virusi hivi havihitaji upepo kutoka mtaa wa pili. Vinakuja kwenye soli ya kiatu, kwenye trei, kwenye tairi la pikipiki inayozunguka kununua mbolea ya kuku kwa ajili ya viazi na parachichi. Na baridi yetu inavisaidia: kwenye kinyesi chenye joto la nyuzi 37 vya mafua ya ndege vinaishi kama siku 6, lakini kwenye nyuzi 4 vinaweza kupita siku 35. Ndiyo maana Juni na Julai banda lililoambukizwa huchelewa kuwa salama.

Mtu mmoja tu aingie bandani, akiwa na gambuti na koti visivyotoka nje ya banda. Mlangoni weka ndoo ya maji ya sabuni na brashi, kisha beseni la dawa. Jik ya asilimia 3.5 ichanganye kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakanyaga beseni na tope likiwa bado kwenye soli. Kinyesi humaliza nguvu ya klorini, na kufikia jioni beseni lina maji machafu tu. Sugua kwanza kwa sabuni, maana hata sabuni yenyewe huvunja utando wa mafuta unaofunika kirusi, halafu ndipo ukanyage dawa na kusimama kidogo. Badilisha dawa kila siku, na papo hapo ikichafuka.

Mnunuzi wa mayai aishie getini. Trei za karatasi haziogeki; tumia za plastiki, zioshe na kuzianika juani, au mpe mayai kwa trei zake na usizirudishe ndani. Viroba vya chakula vilivyotumika kwingine usivipokee. Maranda yachukue kiwandani moja kwa moja, si kwa mfugaji aliyebakiza.

Kisha pima chakula kila asubuhi. Kuku 300 wa mayai hula kilo 34 hadi 36 kwa siku. Wakishuka ghafla hadi kilo 27, piga simu kwa afisa mifugo hata kama hajafa hata mmoja. Chakula na mayai hupungua kabla ya mizoga kuanza kuonekana.

Niko Ubaruku, Mbarali. Kuku wanakufa kijiji cha pili, lakini bata wangu wanaoshinda kwenye majaruba ya mpunga ni wazima kabisa. Si dalili kwamba hapa kwangu pako salama?

Hapana, ndugu yangu. Bata anaweza kubeba mafua ya ndege na kuyamwaga kwenye kinyesi bila kuonyesha hata unyonge. Majaruba na Bonde la Ihefu hutembelewa na ndege wa majini wanaohama, na bata wako wanakunywa maji yale yale. Jioni wanarudi kulala na kuku. Watenge sasa hivi: bata banda lao, kuku banda lao, vyombo vya maji mbali mbali, na wote wafungiwe hadi hali itulie. Maji ya mfereji usiwape kuku. Wape ya kisima au ya bomba.

Hapa Mafinga kuku akianza kuzubaa tunamchinja haraka tusipate hasara. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Hatari ya binadamu haiko sana kwenye sufuria, kwa kuwa nyama iliyoiva hadi ndani, nyuzi 70 na zaidi, huua kirusi. Iko kwenye kuchinja, kunyonyoa na kutoa matumbo, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa na mama au watoto, mikono mitupu. Kuku mgonjwa asichinjwe wala asipelekwe mnadani. Sampuli zikishachukuliwa, zika kwenye shimo refu mbali na kisima, tia chokaa, fukia kiasi ambacho mbwa hawezi kufukua. Aliyewagusa akipata homa au kikohozi ndani ya siku 10 aende kituo cha afya, na aseme wazi kwamba aligusa kuku wagonjwa.

Chanjo ya kideri inakinga mafua ya ndege? – Njombe

Haikingi. Chanja hata hivyo, kuku wakiwa wazima, ili kideri kisikuletee msiba wa pili. Chanjo ya kideri ya TEMEVAC ni tone moja kwenye jicho moja, kurudia kila miezi mitatu. Ugonjwa ukiwa jirani, chanja mwenyewe. Mchanjaji anayetoka banda hadi banda anaweza kukuletea kile unachokikimbia. Na kwa chanjo za kunywesha, usitumie maji ya bomba yenye klorini. Ile ile inayokulinda mlangoni huua chanjo ndani ya ndoo.